Kibanio cha sikioni kilichonionyesha moyo wangu

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Majengo, Goma, Kongo. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, ardhi ikatetemeka siku kadhaa, kisha tukaamriwa kuhama. Nilitembea na watoto hadi mji wa Sake. Tangu hapo usingizi wangu ni wa kuiba. Lori likipita na dirisha likagonga, tayari nimekaa kitandani, mkono kifuani.

Mdogo wangu aliniletea kutoka Kigali kifaa cha bayofidibaki, yaani cha kukuonyesha mwili wako unavyofanya kazi, dola 60: kibanio cha kushika ndewe ya sikio, chenye waya unaoingia kwenye simu. Kinamulika damu ndani ya ngozi, kinasoma mapigo ya moyo, na programu ya simu inayachora kama mstari. Chenyewe hakitibu. Kinakuonyesha tu, kazi ni yako.

Ukivuta pumzi moyo huongeza kasi, ukiitoa hupunguza. Ukipumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, mstari unakuwa vilima vya mviringo vilivyofuatana vizuri. Wangu, jioni ya kwanza, ulikuwa kama mshono wa mwanafunzi aliyeshika cherehani leo. Nami nilikuwa nimekaa nyumbani, mlango umefungwa, watoto wamelala! Kumbe mwili bado uko kwenye njia ya Sake. Nililia.

Mwanzoni nilikosea, nikavuta hewa nyingi mno hadi kichwa kikazunguka. Pumzi iwe ndogo, laini, na ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Nilipolishika hilo, mstari ulianza kutii. Nafanya dakika 15 kila jioni nikishafunika cherehani. Baada ya miezi miwili, nikishtuka saa nane usiku siigusi simu: nahesabu nne nikivuta, sita nikitoa. Mara nyingi najikuta nimeamshwa na majogoo.

Waya ni mwembamba, ukigeuza shingo mstari unavurugika ukadhani ni moyo. Maelezo ni Kiingereza kitupu, nilisomewa na kijana wa jirani. Usikitumie kitandani, mwanga wa simu unafukuza usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.

Kwangu dola 60 hizo zimerudi. Sasa kifaa kiko kwa mama jirani, tuliyetembea naye njia ile. Amekiazima tangu Jumapili, na sijamdai.