Uzoefu wangu na oili ya sintetiki ya 5W-40 kwenye pikapu ya dizeli inayovuta trela

Pikapu yangu ni ya dizeli, ina turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, pamoja na kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi, na kazi yake kubwa ni kuvuta trela lililosheheni kwenye barabara za milima. Kwa muda mrefu niliitilia oili ya madini ya 15W-40, kisha nikahamia kwenye sintetiki ya 5W-40, Shell Rotella T6, ambayo ndiyo ninayoieleza hapa. Nimeridhika nayo, ingawa sababu zangu si zile zinazosemwa sana na wauzaji.

Wengi huiogopa namba 5 wakidhani kwamba oili hiyo ni nyepesi mno kwa injini yenye mzigo. Hofu hiyo haina msingi. Namba inayotangulia herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ilhali 40 inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Kwa vipimo vya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari inayopanga madaraja ya unene wa oili, oili yoyote ya 40 lazima iwe na mnato usiopungua sentistoku 12.5 na usiofika 16.3 katika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Kwa hiyo ukiwa katikati ya mlima na trela nyuma, 5W-40 na 15W-40 ziko daraja moja la unene. Tofauti utaiona asubuhi yenye baridi, injini inapowaka bila kusuasua na taa ya presha ya oili kuzimika upesi.

Faida iliyonivuta zaidi iko kwenye turbo. Gari linapopanda na mzigo, moshi unaoizungusha turbo huwa na joto kali mno, na dereva akizima injini mara tu anaposimama, oili iliyobaki kwenye beringi za turbo huungua na kuacha ukoko mgumu. Sintetiki hustahimili joto hilo kuliko oili ya madini, lakini haimwondolei dereva wajibu wa kuiacha injini iungurume taratibu kwa dakika chache kabla ya kuizima.

Hata hivyo, kitu ninachokisoma kwanza kwenye galoni si neno sintetiki bali daraja la ubora linalotolewa na API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Oili hii ni ya daraja la CK-4, lililoanza kutumika Desemba 2016, ambalo haliruhusu majivu ya salfeti yazidi asilimia 1.0. Kikomo hicho kina uzito mkubwa kwa gari lenye kichujio cha masizi, kwa kuwa masizi huchomwa yakaisha, bali majivu yanayotokana na viambato vya oili hayaungui. Hujikusanya humo mpaka kichujio kifunguliwe na kusafishwa, au kibadilishwe. Daraja la FA-4, lililotoka wakati mmoja na CK-4, ni la oili nyepesi zaidi kwenye joto kali na limekusudiwa injini maalumu, hivyo lisitumike ikiwa mwongozo wa gari haukulitaja. Wapo pia watengenezaji wenye masharti yao juu ya hayo, kama Ford na kiwango chake cha WSS-M2C171-F1.

Kuhusu muda wa kubadilisha, sikuuongeza kwa sababu eti oili ni ya bei. Miongozo ya magari huhesabu kuvuta trela kuwa kazi nzito na huipangia muda mfupi zaidi, nami naufuata huo, nikibadilisha na filta kila mara. Rangi hainishughulishi: oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inayabeba masizi yasigande ndani ya injini, na hiyo ndiyo kazi yake. Ninachokichunguza ni kijiti cha kupimia kiasi cha oili. Kichujio cha masizi kinapojisafisha, injini nyingi hunyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda, na sehemu yake hupenya hadi kwenye oili. Katika majuma ya safari fupi fupi bila trela, ambapo usafishaji huo hukatizwa kabla haujakamilika, nimeona alama ya oili kwenye kijiti ikipanda badala ya kushuka, na ukiinusa unasikia dizeli waziwazi. Katika safari ndefu zenye mzigo halitokei hilo, kwa kuwa moshi wenyewe una joto la kutosha kuyachoma masizi. Alama ikipanda namna hiyo namwaga oili bila kungoja kilomita zitimie, maana oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza unene, na beringi ndizo zinazoumia.

Kabla sijauamini uamuzi wangu nilipeleka sampuli maabara, na ningemshauri kila mwenye trela afanye vivyo hivyo. Mwaga oili ikiwa bado na moto, acha ya mwanzo ipite, kisha kinga chupa katikati ya mtiririko. Chuma kikiongezeka kutoka sampuli moja hadi nyingine, kuna sehemu inayolika. Silikoni ikipanda mara nyingi ni vumbi, na hapo kagua filta ya hewa na mipira yake kabla ya kuilaumu oili.

Kasoro yake ni bei. Kwa injini hizi zinazomeza oili nyingi kwa mara moja, tofauti hiyo inauma, na mtu asiyekutana na baridi kali, ambaye pikapu yake huvuta mzigo mwepesi mara chache, atahudumiwa vyema na 15W-40 ya madini yenye daraja hilohilo la CK-4.