Kliniki ya sheria ya bure Houston: nyota nne, moja imebaki kwenye foleni

Waswahili wenzangu wa Houston, ile kliniki ya ushauri wa sheria inayofanyika maktabani Jumamosi, nendeni tu. Foleni inachosha, viti havitoshi, na mkalimani wa Kiswahili hakuna. Wa Kihispania wamejaa. Ila wakili niliyeangukia, mama mmoja wa makamo, kazi anaijua.

Shida yangu ilikuwa vyombo. Tulihama kutoka Minneapolis, kampuni ikatuletea kabati limeng'oka mlango, friji imebonyea ubavuni, TV ina ufa kona hadi kona. Hasara kama dola 4,000. Kijiweni wote wanakwambia, kampuni ni ya jimbo lingine, wapeleke mahakama ya shirikisho wakione!

Yule mama akatabasamu. Akasema kutoka majimbo tofauti hakutoshi, lazima mnachogombania kizidi dola 75,000. Tena kampuni huhesabiwa ya jimbo ilikosajiliwa na pia ya jimbo yalipo makao yake makuu, kwa hiyo huenda ikawa ya Texas kama wewe, na hapo mlango umefungwa.

Nikambana: mizigo inayovuka majimbo si ina sheria ya shirikisho? Ndiyo, na kesi za sheria ya shirikisho kwa kawaida haziulizwi kiasi. Lakini kwa mizigo Bunge la Congress limeweka kizingiti: madai ya kila hati ya mzigo yazidi dola 10,000. Mimi sifiki hata nusu. Basi naenda mahakama ndogo ya kaunti, ile ya JP (Justice of the Peace, yaani hakimu wa kesi ndogo ndogo), ambayo kikomo chake ni dola 20,000, na hakimu wa hapo atatumia sheria ile ile ya shirikisho. Na kampuni haiwezi kuihamishia kesi kule juu, kwa sababu ya hizo hizo 10,000. Hapo nilifurahi, maana nilishajiona nimekaa mbele ya mawakili wao wa suti.

Kabla ya yote, andikieni kampuni madai kwa maandishi. Haiwezi kuwapa chini ya miezi 9 ya kufanya hivyo. Alichokagua mwanzo kabisa kwenye karatasi zangu ni aina ya fidia niliyosaini. Ukisaini ile ya bei chee, unalipwa senti 60 kwa kila ratili. TV ya ratili 40 ni dola 24. Yangu, namshukuru Mungu, ilikuwa ya thamani kamili.

Nendeni na kopi zenu. Mashine yao ya fotokopi ni ya kuomba dua.