Kaktasi za kuning'iniza zenye maua mekundu: ununue ipi, uache ipi

Kama una kibaraza au dirisha lenye mwanga na unataka mmea wa kuning'iniza wenye maua mekundu, nunua mkia wa panya, jina la kitaalamu Disocactus flagelliformis. Hiyo ndo namba moja yangu na sioni ya kuishusha. Kwao ni Mexico kwenye misitu ya milimani, inajishika kwenye miti na majabali alafu inamwagika chini, mashina membamba kama kidole yanavuka mita moja, na msimu wake ukifika maua yanapanga mstari shina zima, nyekundu inayoelekea pinki, huko kwao ndege wavumaji ndo wanakuja kunywa asali na kuchavusha. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliiandika 1753 na watu wamekuwa wakiipanda majumbani miaka yote hiyo, manake ni ngumu kufa. Inataka jua la asubuhi kuliko wenzake wa misituni, maji udongo wa juu ukishakauka, basi. Ila ina miba midogo inayochoma vizuri tu, usiitundike wanapopita watoto.

Namba mbili ni kaktasi ya Krismasi, Schlumbergera truncata, inatoka milima ya karibu na Rio de Janeiro, Brazil. Haina miba ya kuogopa na inavumilia kivuli, kwa mtu wa ghorofa ni nzuri sana. Hii inunue ikiwa imechanua, kwasababu zipo nyeupe, pinki, chungwa na nyekundu, na bila ua huwezi kujua. Jambo la kuelewa ni kwamba inaweka vitumba usiku ukiwa mrefu na wa baridi, sasa huku kwetu karibu na ikweta usiku ni masaa kama 12 mwaka mzima kwahiyo baridi ndo inaamua, mtu wa Limuru, Lushoto au Njombe atafurahi, mtu wa Dar au Mombasa anaweza kuishia na majani mazuri na maua mawili matatu. Joto la usiku linazisumbua karibu zote hizi za misituni, ndo maana kwa watu wa Pwani ushauri wangu ni mmoja: chukua kipandikizi kutoka kwa mmea uliokwisha kuchanua hukohuko Pwani, usichukue poti iliyoshushwa juzi kutoka mikoa ya baridi.

Tatu ni kaktasi ya okidi, mashina bapa, ua moja kubwa kuliko kiganja. Nyingi zinazouzwa kama Disocactus ackermannii ni chotara, na hilo halina ubaya, zinachanua sana. Tatizo inatawanyika ovyo, inataka nafasi, na ua lenyewe halikai siku nyingi.

Nne, kaktasi ya Pasaka, Schlumbergera gaertneri, nayo ya kusini mwa Brazil. Kwa wekundu hii inazishinda zote, ua kama nyota, linawaka. Nimeiweka nne kwasababu ni laini, ukizidisha maji kidogo inaanza kudondosha vipande vyake kimoja kimoja. Wauzaji wanaichanganya na ya Krismasi, angalia kingo za vipande: ya Krismasi ina meno yaliyochongoka, hii ni ya mviringo na ina vinyweleo vidogo kwenye ncha.

Mwisho ni Cleistocactus winteri ya Bolivia, miba ya dhahabu imefunika shina lote. Inapendeza jamani, lakini ua lake ni la rangi ya chungwa, kwahiyo kama hela yako ni ya maua mekundu usiuziwe hii kwa jina la mkia wa panya.

Ukifika kwenye kitalu shika shina karibu na udongo, likiwa laini na la kahawia limeoza, ondoka. Chungulia maungio kama kuna wadudu weupe kama pamba. Ukiona mmea umejeruhiwa na unatoa maziwa, hiyo sio kaktasi kabisa, ni jamaa wa mnyaa, na utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Zile zilizoungwa juu ya shina la kaktasi nyingine zisimame kama mti, kwa anayeanza siziungi mkono, kiungo kikioza umepoteza yote. Mbegu za mtandaoni achana nazo, ni miaka ya kusubiri, na anayekuuzia kaktasi ya maua ya bluu anakudanganya. Kuagiza nje pia uliza vibali kwanza, karibu kaktasi zote ziko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na tafadhali msiende kung'oa msituni, kaktasi ya asili ya Afrika ni moja tu, Rhipsalis baccifera, ipo kwenye misitu yetu, na maua yake wala sio mekundu, ni vijeupe vidogo.

Thamani nzuri kuliko yote ni kipandikizi cha sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa mmea ulioona ua lake kwa macho yako. Kiache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, alafu panda kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga mnene na mkaa uliopondwa, poti liwe na matundu. Ukinunua yenye vitumba tayari, itundike sehemu moja na usiizungushe wala kuibadilisha poti mpaka imalize kuchanua, ukiihamishahamisha vitumba vinadondoka.