Kaliba gani ununue kwa kongoni, pofu na mbogo

Kila mwaka ikikaribia Julai, msimu wa uwindaji ukiwa mlangoni, simu huanza kulia: "Kaka, kibali cha silaha kimetoka, ninunue kaliba gani?" Nami humuuliza mwenye simu: kwenye leseni yako ya uwindaji, mnyama mkubwa kuliko wote atakuwa nani? Akisema swala pala na kongoni, tunamaliza kwa dakika tano. Akisema mbogo, namwambia avute kiti.

Sheria yenyewe inaanzia hapo. Tanzania, mbogo na wenzake wanaohesabiwa wanyama hatari hawawindwi kwa kaliba iliyo chini ya .375. Namba hiyo ni kipenyo cha kichwa cha risasi kwa inchi, kama milimita 9.5. Uje na .300 yenye nguvu za ajabu, afisa wanyamapori atakurudisha, na yuko sahihi. (Ndugu zetu wa Kenya hawana mjadala huu, kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.) Pita kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya usikie kanuni za msimu huo, ndipo ulipie bunduki. Silaha ikishaandikishwa, kuibadilisha si kama kubadilisha laini ya simu.

Mpangilio huu ni wangu. Namfikiria mtu wa bunduki moja, anayetembea kwa miguu kwenye miombo na kununua risasi kwa pesa yake mwenyewe.

1. .30-06

Naiweka mbele ingawa kwa mbogo hairuhusiwi, kwa sababu wengi wanaoota mbogo huishia kuwinda kongoni maisha yao yote. Ilitoka kwenye jeshi la Marekani mwaka 1906, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa na mojawapo. Kichwa cha risasi cha greini 180, yaani gramu 11.7, kinatoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Kinamtosha swala pala, kongoni, nyumbu, palahala, pundamilia. Hata pofu dume, anayeweza kufika kilo 900, analala kwa bunduki hii ukimsogelea na ukawa na kichwa kizito kisichopasuka ovyo.

Hilo la kichwa nililijua kwa shida. Nilimpiga pofu mita kama 150, begani, kwa risasi ya bei rahisi yenye kichwa laini. Kikapasukia kwenye mfupa. Tukafuata damu kuanzia saa mbili asubuhi: mwanzo matone makubwa kama sarafu, baadaye kama punje za mtama, halafu ikafika mahali mzee aliyekuwa anatusomea nyayo akawa anageuza jani moja moja na kulipapasa kwa kidole gumba. Tulimpata saa nane mchana, bado amesimama. Kaliba haikuwa na kosa lolote. Niliokoa shilingi kwenye boksi la risasi nikamtesa mnyama saa sita.

2. .375 H&H

Mbogo akiwa kwenye mpango wako wa kweli, hii inapanda namba moja na mjadala umekwisha. Ilitengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na hadi leo ndiyo kipimo ambacho kaliba nyingine kubwa hulinganishwa nacho. Inarusha kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Uzuri wake ni kwamba hadi mita 200 risasi yake inashuka karibu sawa na ya .30-06, kwa hiyo asubuhi unaweza kumpiga swala na jioni ukamfuata mbogo kwa bunduki ile ile. Tena haiharibu nyama kama watu wanavyodhani, kwa kuwa ni nzito na haina papara.

Gharama yake ni bega. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, bunduki ni nzito, na bei ya boksi la risasi itakufanya uhesabu kila unapofyatua. Kwa mbogo beba vichwa vya kutanuka kwa risasi ya kwanza, na vigumu nyuma yake.

3. .308

Ya mwaka 1952. Ganda lake ni fupi kwa milimita 12 kuliko la .30-06, kipenyo ni kile kile, kasi inapungua kidogo tu. Kongoni hajui tofauti. Ukiikuta iliyokwisha tumika lakini ikatunzwa, mtutu safi, chukua.

4. .300 Winchester Magnum

Ni ya mbuga wazi, unapomwona mnyama mbali na huna kichaka cha kumsogelea. Kwenye miombo sioni faida yake. Risasi ikifika kwa kasi yake kubwa mita 60 tu, nyama ya bega zima inaharibika, unawapa mbwa.

5. 9.3x62

Hii inaniuma kuiweka chini. Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905, na walowezi wa Kijerumani Afrika waliipenda kwa sababu ilikaa kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, bei nafuu. Porini inaikaribia sana .375. Ila milimita 9.3 ni inchi .366. Sehemu tisa za elfu za inchi zinakunyima mbogo, na kwa wanyama wengine .30-06 inatosha na risasi zake ni rahisi kupata.

Atatokea mtu akusimulie Bell wa Karamoja, mwindaji wa zamani aliyeangusha tembo kwa mamia kwa 7x57, kaliba ndogo ya milimita saba. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, tena akaishi porini miaka. Wewe una likizo ya siku tisa.

.416 Rigby na .458 waachie wawindaji bingwa, ambao kazi yao ni kumsimamisha mbogo anayekuja huku mteja yuko nyuma yao. Rafiki yangu mmoja hakunisikia, akanunua .458. Uwanja wa shabaha akalalamika kwamba darubini imepinda. Nikamwomba anipe bunduki niijaze mimi, nikaifunga chemba ikiwa tupu bila kumwambia. Akalenga, akashusha pumzi, akabana. Ikasikika "tik" kavu, na mtutu ukazama chini karibu shubiri nzima huku amefumba macho. Tulitazamana, akacheka, mimi sikucheka. Darubini ilikuwa nzima; yeye ndiye aliyekuwa anaogopa teke.

Omba bunduki ya kuazima ya kaliba unayoitaka, uwanjani na mwenye nayo akiwepo, ujifanyie jaribio hilo hilo kabla hujalipa. Halafu ingia duka la silaha uulize wana maboksi mangapi ya kaliba hiyo leo, si wiki ijayo. Wakikuonyesha mawili yenye vumbi, rudi kwenye .30-06.