Maiki ya SM58 kwa studio ya chumbani, miezi minane sasa

Nianze na kunguru. Mtu wa Mombasa ananielewa, hawa ndege wetu hawajui saa ya kulala wala ya kunyamaza, na mimi nakaa Kisauni, chumba kimoja cha mabati, dirisha linatazama njia ya tuktuk na mkungu mkubwa ambao ndio bunge lao. Nilikuwa na maiki ya kondensa, ile inayosikia hata mbali, ya bei rahisi, jina nalihifadhi, niliichukua maana kila mtu alikuwa ananambia studio ni kondensa, studio ni kondensa. Na kweli sauti ilikuwa inang'aa, ukiisikiza peke yake unasema hapa nimefika. Shida inaanza ukiweka kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Kompresa inabana pale unapopiga kelele, halafu wewe unaongeza sauti yote irudi juu, sasa kila kilichokuwa kidogo kinapanda nayo, feni, kunguru, mama wa jirani anaita mtoto akaoge. Nimekesha wiki ngapi nikidhani sijui kumiksi kumbe namiksi mtaa mzima.

Ami yangu anapiga muziki wa harusi, ndiye aliyeniuzia Shure SM58 yake kuukuu kwa 7,500, ule wavu wa mbele umebonyea kama umekanyagwa na punda wa mkokoteni. Nkamwambia Ami, hii si ya jukwaani? Akacheka, akasema hio yako ni ya nyumba ya watu wakimya, mwanangu, wewe chukua hii. Nilichukua kwa heshima tu walai. Baadae ndio nikaja kusoma kwamba hii maiki ilitoka 1966 na hizo herufi SM kirefu chake ni Studio Microphone, jukwaani ilikuja kupata jina tu.

Sasa tofauti. Hii ni dainamiki, haina uchu wa kusikia mbali, inataka mdomo uwe karibu. Nakaa kama vidole vinne kutoka kwa wavu na dirisha naliacha mgongoni mwa maiki, maana ni kadioidi, inasikia mbele na nyuma inapotezea. Hapa nlikuwa na ujinga mmoja wa miezi, nilisimamisha godoro nyuma ya maiki nikijiona fundi, kumbe maiki inatazama mimi na ukuta ulio nyuma yangu, kwahivo mwangwi unatoka huko. Siku nilipohamisha godoro likaja nyuma yangu, na madera mawili ya mamangu nikayatundika pembeni, ule mlio wa bafuni ukaisha hapo hapo. Bure kabisa, hakuna plagini, hizi programu ndogo za kurekebisha sauti, ilonifanyia kazi kama ile.

Lakini sio kwamba sauti inatoka imeiva. Inatoka nzito, imefunikwa kidogo, maana kwa sauti nyembamba za juu hii maiki inaishia kama hezi 15,000 na ukiwa karibu hivo besi ya kifua inavimba. Natumia Reaper, programu ya kurekodia na kumiksi kwa kompyuta, unaijaribu siku 60 bure halafu laiseni ya mtu binafsi ni dola 60, na plagini zake zilizokuja nayo zanitosha. Nakata chini ya hezi 90 yote, natoa desibeli tatu au nne pale 250 hadi 300, ndio kuna tope, halafu juu kuanzia 8,000 naongeza taratibu mpaka maneno yanapumua. Kompresa naweka nne kwa moja, sindano ya kuonyesha inavyobana ishuke desibeli tano hivi, si zaidi, ukizidisha rapa anasikika kama anaongea ndani ya jagi. Herufi S hazinisumbui kama zamani, kwa kondensa zilikuwa zinachoma masikio.

Na biti, ule muziki unaorapia juu yake. Wengi wetu tunashusha mp3 ishakamilishwa na mtayarishaji, imebanwa mpaka haina nafasi, halafu tunalazimisha sauti juu yake na kushangaa mbona mtu anasikika amekaa chumba kingine. Mimi nashusha biti desibeli sita kabla sijagusa kitu, halafu kwa ikwalaiza ya biti natoboa kitundu kidogo kwenye 3,000, desibeli mbili tu, ndipo maneno yanapokaa. Snea, ile ngoma kali ya biti, inapoteza kidogo, nakubali, lakini mji huu uliotoa kundi la rap la Ukoo Flani ni wa maneno kwanza. Dilei, ule mwangwi wa kurudia neno, nahesabu mwenyewe, 60,000 gawanya kwa tempo, yaani mapigo kwa dakika, biti ya 90 inakupa milisekunde 667, nusu yake 333, hio ya nusu naiweka chini chini kwenye mwisho wa mstari na riverbu, ule mwangwi wa ukumbi, karibu siweki kabisa.

Yasiyonifurahisha. Inakula geini, yaani sauti yake lazima ikuzwe sana, kijintafesi changu, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, nazungusha kitufe mpaka karibu mwisho na pale nikinong'ona nasikia shiii ya mbali, kwa rap ya nguvu haionekani, kwa binamu yangu anayeimba kiitikio kwa sauti ya hewa hewa inaonekana, yeye bado ananidai kondensa. Jambo jingine marapa wakija wanaushika wavu kwa kiganja kama wako jukwaani, ukiuziba hivo maiki haijui tena mbele ni wapi na sauti inakuwa ya puani, mimi nimeifunga kwenye mpini wa fagio na mtu haruhusiwi kuishika. Na kama unanunua mtumba, feki ziko nyingi, usilipe kabla hujaipiga kwa intafesi yako mwenyewe, wala hio swichi ya volti 48, ya kulisha kondensa umeme, huihitaji.

Wimbo wa mwisho nilimpa rafiki yangu wa tuktuk aupige kutoka Bombolulu mpaka Mtwapa, kelele ya injini na upepo, kila neno akalisikia, isipokuwa neno moja la vesi ya pili alilosema ni kunguru. Nikarudi nikasikiza. Ni kunguru kweli. Dirisha nlikuwa nimeliacha wazi, na feni ikiwa namba 1 haiingii kwenye rekodi lakini namba 3 inaingia, kwahivo mwezi wa pili hapa pwani chagueni wenyewe, jasho au vesi.