Uzoefu Wangu wa Miezi Minane na Sanduku la Majaribio Madogo katika Kudurusu Kemia ya Kidato cha Nne

Nafundisha Kemia na Bayolojia katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, upande wa Kaunti ya Vihiga. Mwezi Januari 2025 shule yetu ilinunua sanduku la majaribio madogo ya Kemia kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya maabara mjini Kisumu. Tulilipa shilingi 16,500, na sanduku likaletwa kwa matatu hadi stendi ya Chavakali, ambapo nililichukua kwa bodaboda. Nimelitumia tangu wakati huo na darasa la wanafunzi 47, karibu kila wiki, na ninaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu wanaojiuliza kama kifaa cha namna hii kinaweza kumsaidia mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, au ni mapambo ya kabati.

Sababu ya kulitafuta ilikuwa moja. Karatasi ya kwanza na ya pili za Kemia zina alama 80 kila moja, lakini zikiunganishwa hubeba asilimia 60 tu ya matokeo ya mwisho, ilhali karatasi ya tatu, ile ya majaribio yenye alama 40 na muda wa saa mbili na robo, hubeba asilimia 40 peke yake. Shule kama yetu hudurusu karatasi mbili za kwanza usiku na mchana kwa sababu zinahitaji chaki na kalamu pekee, kisha ile ya tatu inaachwa hadi muhula wa mwisho, wakati ambapo kemikali zilizobaki zinahifadhiwa kwa ajili ya mtihani wenyewe. Mwaka uliotangulia wanafunzi wangu walikuwa wamefanya majaribio kamili mara nne tu kabla ya kukaa mtihani. Nilijua jambo hilo lilikuwa likiwanyima alama walizostahili, na lilinisumbua.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sahani 12 za plastiki zenye visima vidogo 24 kila moja, dropa za plastiki, chupa ndogo za kudondoshea zenye mililita 30 za kemikali mbalimbali, bureti ndogo (mirija ya kupimia ujazo wa kimiminika kinachodondoshwa) zilizotengenezwa kwa pipeti ya mililita mbili, vijiko vidogo, na kijitabu chenye maswali ya marudio pamoja na maonyesho matano ya kufanywa na mwalimu mbele ya darasa. Wazo lenyewe si geni. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilibuni vifaa vya aina hii miaka mingi iliyopita, na UNESCO ikasaidia kuvitangaza katika nchi nyingi. Badala ya kutumia sentimita mbili za ujazo katika neli ya majaribio, mwanafunzi hutumia matone matano kwenye kisima, hivi kwamba chupa ambayo ingekwisha kwa kipindi kimoja inatosha vipindi vingi.

Faida kubwa ya sanduku hili sikuitarajia. Nilidhani ningefurahia kupunguza gharama, kumbe kilichobadilika kwanza ni macho ya wanafunzi. Zamani, katika kundi la watu sita wanaozunguka neli moja, mmoja alikuwa anashika, mmoja anaandika, na wanne wanasubiri kunakili. Sasa wanakaa wawili wawili kwenye sahani moja, nusu ya darasa ikifanya majaribio huku nusu nyingine ikijibu maswali ya nadharia, kisha wanabadilishana. Kila mmoja ana safu zake za visima, na kila mmoja analazimika kuandika alichokiona yeye mwenyewe.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo ambalo nilikuwa nimefundisha juu yake kwa miaka bila kuliona. Katika wiki ya pili niliwaambia wachunguze mmumunyo wa naitreti ya zinki, yaani chumvi hiyo iliyoyeyushwa majini, kabla ya kuongeza chochote na kuandika rangi yake. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba ni mweupe. Nilimwendea msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye hufanya vizuri sana katika nadharia, nikamuuliza kwa nini ameandika hivyo.

“Mwalimu, lakini haya si maji meupe?” akaniuliza, akinyanyua sahani kuelekea dirishani.

“Maziwa ndiyo meupe, mwanangu,” nikamwambia. “Kupitia haya unakiona kidole chako ng’ambo ya pili.”

Hakuwa amekosea kwa Kiswahili. Nyumbani tunasema maji meupe kwa maana ya maji safi yasiyo na tope wala rangi, na kila mtu anaelewa. Lakini Kemia tunaifundisha na kuitahini kwa Kiingereza, na mwanafunzi anapoona kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, neno la nyumbani linavuka pamoja naye. Mtahini anayesoma kwamba mmumunyo usio na rangi ni mweupe haoni Kiswahili kilicho nyuma ya jibu, anaona kosa. Tangu siku hiyo kila kipindi cha sahani huanza na visima vitatu: kimoja cha maji, kimoja cha maji yaliyotiwa maziwa kidogo, na kimoja cha salfeti ya shaba yenye rangi ya buluu, na wanafunzi huandika rangi ya kila kimoja kabla ya kuendelea. Zoezi hili halimo kwenye kijitabu, lakini lisingewezekana bila sahani, kwa sababu linachukua dakika tatu na matone machache tu.

Jambo la pili ni tofauti kati ya alichokiona mtu na anachokihitimisha. Kijitabu kinalishughulikia vizuri kuliko vitabu vingi vya marudio nilivyowahi kutumia, kwa kuwa maswali yake yana jedwali lenye safu mbili kama lile la mtihani, na maelezo yake yanasisitiza kwamba “hakuna mmenyuko” si uchunguzi. Mwanafunzi akiongeza kemikali ya kupima salfeti asione mabadiliko, anapaswa kuandika kwamba hakuna mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitokeza ndani ya kimiminika) yaliyotokea, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Vilevile kinawafundisha kutotaja ioni nyingi, yaani chembe zenye chaji zinazounda chumvi, kwa kubahatisha. Mashapo meupe yanayoyeyuka katika haidroksidi ya sodiamu iliyozidi yanaashiria ioni za zinki, alumini au risasi, na si nyingine, na anayeongeza ya nne ili kujihakikishia anajipunguzia alama. Baadaye amonia inaitenga zinki, ambayo mashapo yake huyeyuka kemikali hiyo inapozidishwa, na iodidi ya potasiamu inatoa mashapo ya manjano palipo na risasi. Katika sahani mlolongo huu wote unakaa mbele ya mwanafunzi kwa pamoja, kisima baada ya kisima, na anaweza kurudisha macho nyuma kulinganisha. Kwenye neli sita zilizosimamishwa kwenye kibao, ambazo mbili zimeshamwagwa ili zioshwe, hilo haliwezekani.

Kasoro iliyoniumiza zaidi inahusu amonia hiyo hiyo. Mwishoni mwa mwezi Machi niliwapa wanafunzi mmumunyo wa zinki bila kuutaja jina. Karibu wote waliandika kwamba mashapo hayakuyeyuka katika amonia iliyozidi, na wakahitimisha kuwa ni alumini au risasi. Niliwasahihisha kwa ukali kidogo, nikiamini kwamba hawakuongeza matone ya kutosha. Jioni nilirudi maabara, nikafanya jaribio mwenyewe, na mashapo hayakuyeyuka. Vifuniko vya chupa ndogo havikuwa vikifunga sawasawa. Gesi ilikuwa imetoroka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kilichobaki kilikuwa hafifu mno. Kesho yake niliwaomba radhi darasani, kwa kuwa walikuwa wameandika walichokiona, na hicho ndicho nilichokuwa nikiwasihi wafanye tangu Januari. Nilimpigia muuzaji simu. Alinijibu kwa adabu na kuniletea chupa mbili nyingine baada ya majuma matatu, lakini zilikuwa na vifuniko vya aina ile ile. Mwalimu atakayenunua sanduku la namna hii asitegemee amonia iliyomo kwa zaidi ya wiki chache, na aijaribu kwa zinki asubuhi ya kila kipindi.

Kuhusu upimaji wa ujazo, lazima niseme wazi kwamba sanduku halitoshi, na tangazo lililosema linakamilisha mahitaji yote ya karatasi ya tatu halikuwa la kweli. Jedwali la bureti katika mtihani huwa na alama tano: moja ya kujaza jedwali kikamilifu, moja ya matumizi sahihi ya desimali, moja ya usahihi wa jibu likilinganishwa na thamani iliyopatikana shuleni, moja ya kanuni za kutafuta wastani, na moja ya wastani wenyewe. Alama hizo hupatikana kwa kusoma bureti ya kioo ya sentimita 50 za ujazo, jicho likiwa sambamba na mpindo wa kimiminika, na kuandika nafasi ya pili ya desimali kuwa 0 au 5. Bureti ndogo ya plastiki haina mistari ya kufundishia ustadi huo. Inamwonyesha mwanafunzi kwamba rangi ya kiashiria hugeuka kwa tone moja, na hilo lina thamani yake kwa anayeanza, lakini mwanafunzi wa kidato cha nne anayejifunzia kwa hiyo peke yake ataingia mtihani bila mkono wa kazi. Sisi tunazo bureti nane za kioo. Zinazungushwa kwa zamu siku ya Jumamosi, na sijaziacha.

Kadhalika sahani hazistahimili moto. Maswali ya kupasha chumvi ndani ya neli kavu, ya kuangalia kama kloridi ya risasi inayeyuka ikipashwa joto, na ya kuchoma kimiminika cha kikaboni ili kuona kama mwali una masizi, yote yanahitaji vifaa vya kawaida. Jaribio la thiosalfeti ya sodiamu na asidi haidrokloriki, ambapo salfa inayotokea hufunika alama ya msalaba, linafanyika vizuri kwenye visima. Muda ni mrefu kuliko kwenye bika kwa sababu kina cha kimiminika ni kidogo, lakini mstari ulionyooka wa grafu unapatikana, na wanafunzi walikubali kwa macho yao wenyewe kwamba mkolezo ukipungua muda unarefuka.

Maonyesho matano ya mwalimu yalikuwa na ubora unaotofautiana, na nitataja mawili. Lile la chemchemi ya amonia, ambapo maji yenye fenofthalini, kiashiria cha alikali, hupanda yenyewe ndani ya chupa ya duara na kugeuka waridi, lilishindwa kabisa mara ya kwanza. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zikinyesha kila alasiri, na chupa ilikuwa na unyevu ulioinyonya gesi kabla sijafungua maji. Niliianika juani siku mbili, nikairudia, na maji yakapanda kwa nguvu hadi darasa zima likasimama. Kijitabu kilipaswa kutaja ukavu wa chupa katika mstari wa kwanza, si katika tanbihi. La mvua ya dhahabu, yaani iodidi ya risasi inayoyeyuka katika maji moto na kurudi kama vipande vinavyometameta maji yanapopoa, lilifaulu mara moja. Kabla ya kusema neno lolote niliwataka waandike kimya kile wanachokiona, kisha waeleze kwa nini umumunyikaji, yaani kiasi cha chumvi kinachoweza kuyeyuka majini, hubadilika na joto. Majibu yao yalikuwa bora kuliko ya swali lolote la grafu ya umumunyikaji nililowahi kuwapa.

Mimi mwenyewe niliongeza onyesho la sita. Niliwaomba waje na musherekha kutoka jikoni kwao, ile chumvi ya majivu inayopikiwa mrenda. Fenofthalini iligeuka waridi, na asidi ilipoongezwa povu likatokea na gesi yake ikayatia ukungu maji ya chokaa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyesahau kwamba kaboneti ni alikali na kwamba huachilia kaboni dioksidi.

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu kutupa takataka za risasi, na jambo hili nalilalamikia kwa uzito, maana ni sumu na sinki letu linamwaga kwenye mtaro unaopita karibu na shamba la shule. Sasa tunakusanya yote katika chupa moja kubwa yenye kibandiko, iliyofungiwa stoo.

Bado naona kwamba fedha zilitumika vizuri. Ningelipendekeza sanduku hili kwa shule ambayo tayari ina bureti za kioo chache na taa za kupashia joto, na nisingelipendekeza kwa shule inayotafuta kitu cha kuchukua nafasi ya maabara. Mtihani wa KCSE utafanywa mara ya mwisho mwaka 2027, lakini uchanganuzi wa chumvi hautakoma pamoja nao, kwa hiyo sahani hazitakuwa bure. Kwa muhula huu nimeagiza kemikali za kujazia kwa shilingi 4,200, zote isipokuwa amonia, ambayo mtaalamu wetu wa maabara ataipunguza nguvu kutoka kwenye chupa kubwa kila Jumatatu asubuhi na kuijaribu kwa tone la zinki kabla kengele haijalia.