Ziara ya Kabaka Mwanga kwa siku moja: Namugongo, Ziwa la Kabaka na Kasubi

Ukiwa Kampala na unataka kumwelewa Mwanga II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, usilipie ziara ya sehemu moja. Namugongo, ambako vijana Wakristo wa ikulu yake walichomwa moto kwa amri yake, utaonyeshwa muuaji. Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, utaonyeshwa mfalme aliyepigana na Waingereza mpaka akafia uhamishoni. Wote wawili ni yeye, na hakuna mwongozaji wa upande mmoja atakayekufikisha upande wa pili. Lipia siku nzima inayounganisha Namugongo, Ziwa la Kabaka kule Mengo, kilima cha ikulu, kisha Kasubi, na ushikilie mpangilio huo. Waandaaji wengi huanza na Kasubi kwa kuwa iko karibu na mjini, kilomita tano hivi kwa barabara ya Hoima. Tatizo ni kwamba unafika Namugongo jioni, umeshakaa kwenye foleni ya Kyaliwajjala, na mwongozaji ameanza kutazama saa.

Namugongo kuna maeneo mawili na watu huyachanganya. La Wakatoliki ndilo lenye basilika ya mviringo yenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, na altare imejengwa mahali Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao wa ikulu, alipochomwa tarehe 3 Juni 1886. Ni jengo zuri na pametunzwa, ila maelezo ni machache. Kwa anayetaka kujua yaliyotendeka, eneo la Waanglikana la Nakiyanja, safari fupi ya boda kutoka hapo, linazidi kwa mbali. Sanamu za ukubwa wa mtu zinaonyesha vijana walivyofungwa, walivyoviringishwa ndani ya matete na kulazwa juu ya kuni. Mwenye watoto awaandae kabla ya kuingia. Tenga saa tatu kwa maeneo yote mawili, na usijaribu kufanya ziara hii siku za kuelekea 3 Juni, maana mahujaji hujaza barabara zote na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukujibu.

Upungufu wa Namugongo ni kwamba masimulizi yanaishia kwenye moto. Mwanga alitawazwa Oktoba 1884 akiwa kijana ambaye hata miaka 20 hajafika. Mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wameanza kunyakua nchi upande wa pwani, na Hannington, askofu wa Kianglikana kutoka Uingereza, akaingia kupitia Busoga, mlango wa mashariki ambao Mengo waliuogopa kuliko yote. Aliuawa Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi Mkatoliki wa ikulu aliyemlaumu Kabaka kwa mauaji hayo, alikatwa kichwa Novemba. Maandishi ya wamisionari yanaongeza kwamba watumishi vijana wa ikulu walimkatalia Kabaka matakwa yake ya kimwili. Hofu ya wageni, utii uliohamia kwa bwana mwingine, na mambo ya ndani ya ikulu vilikwenda pamoja. Mwongozaji akikupa sababu moja tu, mwulize zile nyingine. Mwulize pia kuhusu Waislamu waliouawa mwaka 1876 kwa amri ya Muteesa I, baba yake Mwanga. Walikuwa wamekataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na kusali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa. Jambo hili hutajwa mara chache mno, na bila hilo Mwanga anaonekana kana kwamba ukatili ulianza naye.

Ziwa la Kabaka wengi hulipita kwa dakika kumi za picha. Ni kosa, kwa sababu hapa ndipo panapoeleza alivyoanguka. Lilichimbwa kwa mikono, kwa amri ya Mwanga, na simulizi la Buganda ni kwamba alitaka njia ya mitumbwi hadi ziwa kubwa la Viktoria. Hata wakuu walishika majembe kwenye tope, na aliyechelewa alitozwa faini. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu, ambao hawakuwa marafiki, waliungana kumpindua, ingawa baadaye alirudi kwenye kiti. Hapa mwongozaji ni wa lazima, kwani maji peke yake hayakuambii kitu.

Kasubi ndiyo sehemu bora ya ziara, na ndiyo yenye masharti. Wanawake wavae sketi ndefu au wajifunge leso. Viatu vinaachwa nje, na ndani mnaketi kwenye mikeka bila kunyoosha miguu mbele. Picha ndani hapana, moto hapana popote. Kabla ya kulipa, uliza langoni kama nyumba kuu iko wazi siku hiyo, maana shughuli za kimila hutangulia wageni. Beba kitambulisho, kwa kuwa bei ya mwenyeji na ya mgeni si moja, na udai risiti.

Nyumba hiyo, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na Septemba 2023 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Inama mlangoni, kisha utazame juu: pete 52 za paa ni koo za Buganda, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Mbele kuna mikuki na ngao, nyuma yake pazia la nguo ya gome la mti, na hapo hupiti. Wamelala Makabaka wanne. Mwanga yuko na baba yake, na yuko na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja ambaye Waingereza walimweka kwenye kiti cha baba yake Agosti 1897, Mwanga alipoasi. Mwanga alikamatwa Aprili 1899, akapelekwa Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieri, akafa 1903. Mabaki yake yalirudishwa 1910. Waongozaji wa Kasubi wanayaeleza haya vizuri na kwa heshima, lakini mashahidi hawawataji mpaka uulize. Uliza kwa adabu, watajibu.

Lugha ya maelezo ni Kiganda na Kiingereza. Anayetaka Kiswahili aagize mapema. Ziara hii ina uzito zaidi sasa, baada ya Mahakama Kuu kuamuru Februari 2025 majina ya wakoloni yaondolewe mitaani Kampala. Kabla ya kuchagua majina ya kuweka badala yao, inafaa kuwajua watawala wetu wenyewe kwa ukamilifu.

Mwenye siku ya pili aende Mparo, Hoima, kwenye kaburi la Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliyekamatwa siku ileile aliyokamatwa Mwanga. Ni safari ya kilomita 200 hivi, kwa hiyo ondoka Kampala alfajiri.